Fimbo Niliyokatiwa Mapema

Niliondoka nyumbani asubuhi moja bila mpango wowote, harufu ya tumbaku inayokaushwa ikiwa bado imelala juu ya njia. Nilikuwa darasa la tano. Nilichojua ni kwamba macho yangu yalikuwa yanakwenda kufa, na kabla hayajafa nilitaka yaone kitu zaidi ya mashamba yetu ya Vurra.

Mambo yalianzia darasani. Mwalimu wetu alitupanga kwa alama: waliofaulu mbele, walioshindwa nyuma. Msimu ule maandishi ya ubaoni yalianza kuvimba na kuyeyuka mbele yangu. Nikanakili makosa, nikarudishwa dawati moja nyuma. Huko nikaona hafifu zaidi, nikarudishwa tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hata uwanjani Onduparaka, tulikokwenda kutazama mpira, nilishangilia pale tu waliposhangilia wengine. Binamu yangu Drani akanishtukia.

"Mpira iko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Ile ni mbuzi," akasema, na watu wakacheka.

Jioni alisimulia kichekesho hicho nyumbani, na hakuna mtu mzima aliyecheka. Babu yangu alikuwa amepofushwa na ugonjwa wa mto, ule unaoletwa na inzi weusi wa kwenye maji ya kasi, na mimi ndiye niliyeshika ncha ya fimbo yake kumwongoza. Shangazi akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Hii mutoto anakunja macho sawasawa na muzee," alisema. "Imeanza." Kesho yake baba alikata fimbo, akaichonga, akaiweka juu ya moshi wa jikoni ikauke. Ilinipita kimo, alikuwa ameipima kwa urefu nitakaokuwa nao ukubwani.

Tangu hapo nyumba ikaanza kunizika taratibu. Shangazi alinifundisha kuchambua maharagwe nikiwa nimefumba macho. Baba aliacha kuuliza habari za shule. Mama alipotaja hospitali, baba alimjibu kwa upole, akimwita kwa jina langu, "Ugonjwa ya mto hairudishi macho, mama Anguyo." Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwetu kila wingu lilikuwa mvua tayari. Macho ya babu yalimwasha miaka mingi kabla ya kuzima. Yangu hayakuniwasha hata siku moja, wala hakuna aliyeniuliza.

Basi asubuhi ile nikapanda lori la maharagwe, nikamwambia dereva nakwenda anakokwenda yeye. Alikuwa anakwenda Koboko. Njia nzima nilitazama vilima na migongo ya ng'ombe mpaka machozi yakanitoka, kama mtu anayejaza ghala kabla ya njaa. Sikurudi shuleni tena. Giza nililolikimbia halikuja. Nikiwa mtu mzima, mpimaji wa macho mmoja alinivisha vioo viwili, nikaona jani moja moja juu ya mti. Aliniambia sina ugonjwa wa mto, ila sioni vizuri vitu vya mbali, na kwamba watoto kama nilivyokuwa wamo tele katika shule za msingi.

Siku hizi miwani inauzwa hata sokoni, na wapimaji hupita baadhi ya shule. Utotoni sikuyasikia hayo. Wiki hii, katika safari zangu, nimefika kijiji nisichokijua, nje kidogo ya Koboko, nikapewa chumba kwa mama mmoja muuza chai. Binti yake Kiden, wa darasa la tatu, alileta maji ya kuoga, akaiona miwani yangu mezani, akaivaa kwa mchezo. Akasimama mlangoni, akatazama nje.

"Kumbe kule kwa kilima iko nyumba," akasema.

Mama yake akaja mbio akamvua, akanirudishia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama macho yangu yanaambukiza. Nikamwambia hapana, na kwamba mtoto apelekwe kupimwa, hata kesho. Akatazama chini.

"Baba yake ndiye ataamua," alisema. "Yeye anasema hii ni ya ukoo."