Bakteria Walionukia Mchaichai

Mama yangu alilima mchaichai Kanyosha, pembezoni mwa mji; mimi nilisoma ili mchaichai usilimwe tena. Ndiyo maendeleo. Katika maabara ya chuo niliwapandikizia bakteria vinasaba vya mmea, ili wale sukari na kutoa yale mafuta yanayoupa mchaichai harufu yake. "Wakiweza, mama," nilimwambia kwa majivuno yote ya mwanafunzi wa uzamili, "utang'oa hilo shamba upumzike." Mama akanifungia fungu jingine la majani, ya chai ya kazini.

Kati yangu na shahada ilibaki chupa moja tu yenye kunukia. Mashine ya kupima mafuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na picha yake ukutani, nzuri sana. Ile ya kuua vijidudu iliuawa na umeme wa kukatikakatika, kwa hiyo chakula cha bakteria tulikichemsha uani, kwenye sufuria kubwa ya presha, juu ya makaa. Sayansi ya kisasa kabisa.

Baada ya miezi minane, chupa ikanukia. Nilipiga kelele. Profesa alinusa, akafumba macho, akanipongeza kwa "félicitations" na kupanga siku ya utetezi wa tasnifu yangu. Nikampigia mama simu palepale: wameweza!

Profesa alitaka shahidi mwenye pua. Nikaenda kwa mzee mmoja Mwarabu, muuza manukato na viungo, ambaye ukoo wake umeuza harufu mjini tangu enzi za babu yake. Alinusa chupa yangu mara moja, kisha akaomba ile ya kulinganishia, ya bakteria wa kawaida, wasiopandikizwa kitu. Hiyo mimi sikuwahi kuinusa. Ya nini, na jibu nilishalijua?

"Binti yangu," alisema kwa upole ulioniuma, "hizi zote mbili ni chai. Na mutu mwenye aliipika aliweka tangawizi."

Sufuria! Kila saa nne asubuhi sufuria ileile ilipika chai ya maabara nzima, kwa majani ya mama, maana ndiyo iliyotosha watu wote, na kwetu kujichemshia kikombe chako peke yako ni uchoyo. Mpishi, mwenye mkono mzito wa tangawizi, nilikuwa mimi.

Ningeweza kunyamaza, na nakiri nilipiga hatua kadhaa nikinyamaza. Kisha nikamweleza profesa. Utetezi ukafutwa. Chai ya siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Jumapili nilikwenda Kanyosha. Nilimkuta mama shambani na jembe, matuta mawili yameshang'olewa, mashina yamelala juani.

"Nimeanzia hapa," alisema akitabasamu. "We si ulisema wameweza?"

"Apana, mama. Hawakuweza."

Nilipiga magoti nikaanza kuyarudisha mashina udongoni, moja moja, na mama akaenda kuchota maji.