Kamera Iliyoamkia Kaunta

Dukani Kibiti nilimkuta muuguzi akichagua kichwa cha stendi, kile kinachoshika kamera. Kamera yake ni ya filamu, nzito, na pesa yake ilitosha kichwa kimoja tu. Muuzaji akamsifia kipya kinachong'aa. Dada akaifunga kamera yake juu ya hicho kipya, akakaza skrubu, akakunja mikono. Taratibu kamera ikainamisha pua.

"Inakuamkia tu, dada. Ikizoea itatulia."

"Mama mkwe kule Mbwara kakubali kupigwa picha moja tu, kaka. Hii haina kufuta."

Akachukua cha mtumba, kimechubuka rangi lakini hakisogei.

Sisi wa simu tunapiga picha lukuki, kisha tunatafuta iliyotulia. Yeye alikuwa bado hajapiga, na mimi tayari nilimwona yule mama, ametulia mkekani.