Maziwa ya Macho

Mtoto wangu wa pili alinyonya kwa kugawana na macho ya baba yake. Sisemi hivyo kwa mzaha, ingawa mtaani kwetu Baraka, huku Fizi upande wa Kongo, watu walicheka sana. Walicheka wote, na waliocheka zaidi ni wale ambao hawakuwa na kifua cha kukamuliwa.

Bwana wangu ni mchomeleaji wa vyuma, sudere kama tunavyosema kwetu. Kazi hiyo alijifunza Tanzania, kambini, wakati familia zetu ziko ukimbizini, na tuliporudi alifungua atelie, karakana yake mwenyewe, kando ya barabara inayoshuka kuelekea ziwani. Kazi haikumkosa. Kila anayerudi anajenga, na kila anayejenga siku hizi anataka mlango wa chuma, maana ule wa mbao haumcheleweshi mtu mwenye bunduki. Wachimbaji dhahabu wa Lulimba walimletea vyuma vya mashine zao za kusagia mawe. Watu wa Ubwari walivuka ziwa na vishikio vya injini za boti vilivyopasuka. Kuanzia asubuhi jenereta ilinguruma, na ule mwanga wa buluu ukawa unapigapiga ukutani kwetu, nami nikiwafukuza watoto wasiutazame.

Maski alikuwa nayo. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu watu wakisikia habari za Fizi hudhani kila baya linatupata kwa kukosa vitu. Alipewa maski kambini alipomaliza mafunzo, ile ya kufunika uso mzima, yenye kioo cheusi. Ilikaa kwenye msumari atelie, ikala vumbi mpaka buibui akajenga ndani yake.

Alikuwa na sababu zake. Kioo cheusi hakionyeshi kitu mpaka moto uwake, na moto ukiwaka unakuta ncha ya fimbo ya kuchomelea imeshahama mahali ulipolenga. Kwa hiyo yeye na wenzake wote walikuwa na namna yao: unalenga macho wazi, unagusisha, halafu unafumba macho na kugeuza shingo. Waliiona kuwa ufundi mkubwa. Lakini mwanga ule haumngoji mtu afumbe macho. Anapofumba, umeshaingia.

Na kulikuwa na maneno ya wanaume. Sudere akishusha maski usoni kwa kazi ndogo, mwenzake wa jirani alimpigia kelele: "We, uko bibi arusi? Tufunue tuone sura!" Barabara nzima ikacheka. Mwanaume wa kwetu atavumilia njaa, atavumilia vita, lakini kuitwa bibi arusi mbele ya watu hataweza.

Maumivu ya mwanga ule hayaji papo hapo, na hapo ndipo uongo wote ulipoanzia. Mchana mtu anakula vizuri, anacheka. Giza likianza kuingia, macho yanakuwa kama yamemwagiwa mchanga na pilipili. Mara ya kwanza bwana wangu alipopatwa hivyo, mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lweba. Mama mkwe wangu amezaa wengi na hajawahi kushindwa neno na mtu yeyote. Aliingia chumbani bila hodi, akanikuta namnyonyesha mtoto.

"Toa ziwa, mama," akaniambia. "Maziwa ya muzazi iko baridi. Inazima moto ya mu macho."

Nilitoa. Mkwe akisema, nani atabisha? Nilimkamulia mwanawe matone machache kila jicho, akalala akiguna. Kesho yake akapumzika, na kesho kutwa akaamka anaona vizuri. Mama mkwe alizunguka mtaa mzima akitangaza, utadhani ndiye aliyetoa hayo maziwa.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba macho yaliyochomwa na mwanga hupoa yenyewe yakipumzishwa. Yangepoa hata kwa maji safi na kitambaa. Lakini nani angejisumbua kuuliza, wakati dawa ipo, na ipo kifuani mwa mwanamke? Ile dawa ilimwondolea bwana wangu woga, na woga ndio ungemvalisha maski.

Wenzake wakaanza kuja. Walisimama mlangoni macho mekundu, kila mmoja na kifuniko cha chupa mkononi, wakiona haya kidogo mara ya kwanza na bila haya kabisa mara ya pili. Mama mkwe, ambaye safari yake ya kurudi Lweba ilikuwa haifiki, ndiye aliyewakaribisha. "Mupatie kidogo tu," aliniambia. "Ni bandugu." Kanisani bamama walinitania kwamba mimi sasa ni kituo cha afya, niombewe nisikauke. Mara ya kwanza nilicheka nao. Mtoto wangu alipoanza kunyonya ziwa lililo tupu na kulia kwa hasira, utani ule sikuutaka tena.

Jumapili moja tumetoka ibadani, bwana wangu anakula bugali na ndagala, nikamwambia wazi.

"Papa ya batoto, kuanzia leo maziwa ni ya mutoto. Maski yako iko pa musumari. Uvae."

Akacheka, mdomo umejaa. "Maski inanikawisha. Na dawa si iko hapa nyumbani?"

"Dawa imeisha."

"Imeisha wapi? Si naona mutoto ananyonya?"

 Tangu siku ile sikumkamulia tone, na yeye akaona ananifundisha adabu. Alikwenda kwa mke wa sudere mwenzake, nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye naye alikuwa ananyonyesha. Mume wa yule mama aliridhika, maana wote wawili walitibiwa hapohapo kwa zamu. Mama mkwe akasema heri huko kuna mtu mwenye moyo. Fikiria nilivyopita sokoni siku zile. Wauza samaki wa mikebuka walikuwa wananyamaza nikifika, kisha wanaangua kicheko nikishageuka.

Sasa nifike kwenye lile jicho la kushoto.

Chuma kikishachomelewa huacha ganda jeusi juu ya mshono. Ganda hilo hugongwa kwa nyundo ndogo likiwa bado la moto ili mshono utokee safi. Hapo mtu hahitaji hata kioo cheusi. Miwani ya kawaida, ya plastiki, isiyo na rangi, ingemtosha. Bwana wangu alikuwa anagonga geti la mtu mmoja, ameinama karibu, macho wazi, anapiga soga na mwenye geti. Kipande kikaruka kikaingia jichoni. Alipikicha, akatukana, akaendelea na kazi. Jioni jicho lilipouma alisema ni mwanga, kama siku zote, akaenda kwa jirani kuwekewa maziwa.

Akaenda na kesho yake. Na siku iliyofuata. Jicho la kulia lilikuwa jeupe safi, la kushoto limevimba mpaka kope hazifunguki, linatoa usaha. Nilimwambia huu si mwanga, mwanga hauchomi jicho moja na kuliacha jingine. Nilimwambia twende sante, kwenye kituo cha afya. Mama mkwe akanizuia mlangoni.

"Uwache uchafu utoke," akasema. "Maziwa iko inasafisha."

"Mama, jicho inaoza!"

"We ulikatala kumupa yako, leo ndiyo unajua kuchunga?"

Na bwana wangu, mtu mzima, anayeshika chuma cha moto kila siku, akasema haendi sante kwa sababu watamchoma sindano kwenye jicho. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwishowe homa ilipompanda hakuwa na nguvu za kubishana. Nikamshika mkono nikamvuta katikati ya soko, watu wakifikiri tunapigana, nami nikawaacha wafikiri.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mpole. Alifungua kope kwa pamba yenye maji, akatazama. Halafu akauliza: "Muliweka nini umu ndani?"

Bwana wangu aliinama. Nikajibu mimi: "Maziwa ya bibi ya muntu."

Hakucheka. Alisema kuna kipande cha chuma kimekaa pale tangu siku ile, na maziwa yamekuwa yakilisha vidudu. Akatueleza taratibu, kana kwamba bado kulikuwa na faida: chuma kikiingia jichoni usipikiche, usitie maziwa wala majani wala chochote, funika, njoo siku hiyohiyo. Kisha akatuandikia kwenda hospitali kubwa. Mvua zilikuwa zimekata barabara, gari likachelewa, na tulipofika kwa daktari wa macho alitoa chuma tu. Jicho lenyewe lilikuwa limeshakwenda. Liko pale mpaka leo, jeupe kama yai lililochemshwa.

Mtu angedhani hapo mama mkwe angenyamaza. Tuliporudi aliwaita wajomba wa bwana wangu kutoka Lweba, tukaketishwa uani, na akasema mbele ya wote, mimi nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka:

"Jicho ya mutoto yangu, aliiua bibi yake. Maziwa ya mwanamuke mwingine haiwezi kuwa na nguvu ya bibi ya muntu mwenyewe. Alimunyima, jicho ikafa."

Wajomba walitikisa vichwa. Mmoja akaniambia niombe msamaha. Nilimtazama bwana wangu. Yeye alikuwa amesikia maneno ya muuguzi kwa masikio yake mawili mazima, alijua kilichomo jichoni na aliyekiacha kiingie ni nani. Nilingoja aseme neno moja tu. Alichora chora chini kwa kijiti. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia mpaka nikasikia ladha yake mdomoni, na sikuona haya, na msamaha sikuomba.

Lakini ukikaa na mtu chuki nayo huchoka. Aliporudi kazini alitoa maski kwenye msumari, akaiosha kwa sabuni, akabadilisha kioo kilichopasuka. Alinunua miwani ya kugongea. Akawa anafunga shati mpaka shingoni, na kuvaa viatu vya ngozi badala ya kandambili. Kazi ndogo, kazi kubwa, maski usoni. Na hakuna aliyemwita bibi arusi, kwa sababu watu wetu hawamtanii mwenye jicho moja, angalau si mbele yake. Wenzake waliendelea kufumba macho na kugeuza shingo kama zamani.

Nilifurahi, nikakaa na furaha yangu kimya nisije nikaiharibu. Mtoto nilikuwa nimeshamwachisha. Baadaye nikapata mimba, na tumbo lilivyokuwa linakua, bwana wangu alirudi kila jioni na lile jicho lake moja safi, maji maji, linaona. Nilisema moyoni, basi, jicho moja limekuwa ada ya shule, ni ghali lakini amefaulu. Nilimpikia mikebuka kwa mawese kama anavyopenda. Watoto wetu wanakula kwa jicho lile. Likifa, hakuna mlango, hakuna geti, hakuna mtu wa kutushika mkono Baraka wala Lweba. Nilimwambia hivyo, akaitikia, "Najua, mama, najua," na nikamwamini.

Mwaka huu nimezaa msichana. Mama mkwe alikuja, akambeba, akambariki vizuri, siwezi kumsingizia. Kitovu kilikuwa bado hakijakauka sawasawa, nikasikia mtu anapapasa ukuta wa nje mchana kweupe. Bwana wangu akaingia, mkono mmoja umetangulia mbele, jicho lake zima limefura, jekundu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Nilimuuliza: "Maski iko wapi?"

"Ilikuwa kazi kidogo tu jana usiku, ya dirisha," akasema. "Point moja-moja, kugusisha tu."

"Nauliza, maski iko wapi?"

"Iko atelie." Akatafuta ukingo wa kitanda nilichokalia, akaketi. "Kwani shida iko wapi? Umeisha kuzaa."

Alisema bila ubaya wowote. Alisema kama mtu anayejua mvua imeshanyesha, sasa anaweza kupanda. Ndipo nilipoelewa miezi ile yote. Si kwamba alivaa maski kwa sababu alizika jicho. Aliivaa kwa sababu kifua changu kilikuwa kikavu, na alikuwa anangoja kijae.

Akalala chali pale pale, kichwa juu ya paja langu, akisukuma miguu ya mtoto ili apate nafasi. Mtoto alikuwa ananyonya. Nilimwacha anyonye mpaka akashiba, mpaka akaachia ziwa mwenyewe, akalala.

"Bado?" akauliza.

Nilifunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, juu ya uso wake. Hakuona.