Sikio kwenye jeneza

Leo nimemuumiza mama mmoja, na wala sikufungua mdomo.

Kazi yangu mnaijua. Zamani kila kiangazi nilipanda milimani kwenye misonobari, nabandua magome, natafuta wale wadudu wanaoua mti kimyakimya. Tangu vita, huko juu apana kufika; wenye bunduki tu ndio wanashusha mbao.

Leo tumemzika kijana wa jirani yangu hapa Gasenyi. Risasi ilimkuta barabarani.

Jeneza lilikuwa la msonobari mbichi, gome bado limeshika pembeni. (Mafundi siku hizi hawana muda wa kuranda.)

Tukiwa makaburini, nikaona unga mwekundu unadondoka kwenye gome.

Ni wadudu wale! Huko juu msitu unaliwa!

Jamani, nikasahau niko wapi. Nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye ubao.

Nikawasikia wanatafuna.

Mama wa marehemu akanishika bega. "Unasikia kitu?"

Na mi, mjinga, nikaitikia kwa kichwa.

"Mufungue! Mutoto yangu anapumua! Mufungue!"

Wanaume wakatupa majembe, wakang'oa misumari.

Kijana alikuwa vilevile tulivyomfunika.

Mama akanigeukia. "Ulisikia nini, baba?"

Nimwambie wadudu? Mbele ya mwanawe?

"Nilikosea, mama. Unisamehe."

Wakapigilia misumari upya. Hapo ndipo mama akapiga magoti, akaweka sikio lake palepale. Akasikiliza sana.

"Apana, hukukosea," akasema. "Hata mi namusikia."

Nyinyi mngemjibu nini?