Cheo Alichokificha Apphia

Apphia aliishi nyuma ya ukuta wetu, katika mji wetu wa nchi ya Karia, iliyotawaliwa na Roma. Baba yake, askari wa Kirumi aliyestaafia huku, alimfundisha Kilatini, kisha akafa, asibaki mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo. Ilibaki kazi. Barua ya mfalme ilipofika kutoka Roma, Papylo, karani wa baraza, alimpelekea aigeuze Kigiriki, lugha yetu, kabla haijachongwa kwenye jiwe. Apphia hakuwa na mgeni mwingine.

Barua zilianza kwa vyeo. Kaisari alibaki Kaisari. Augusto akawa Sebasto, mwenye kustahiwa. Imperatori akawa Autokratori, atawalaye kwa amri yake mwenyewe. Apphia aliandika polepole kuliko ilivyohitajika, huku akimsogezea Papylo zeituni na jibini.

"Mtu mmoja, majina yote haya?" Papylo alinung'unika. "Mke wangu analo moja tu, na bado nalisahau."

"Ndiyo maana unakuja kula kwangu."

Mwaka mmoja baraza lilimtaka Apphia aandike vyeo vyote, Kilatini na Kigiriki chake, kwenye vibao vya nta.

"Tusikusumbue tena, mama," alisema Papylo. "Kijana wetu mpya anasoma Kilatini. Vyeo tu ndivyo vinavyomshinda."

"Nani kakwambia nasumbuka?"

"Baraza limeshasema, mama."

Aliandika vyote isipokuwa kimoja: prokonsuli, cheo anachokitumia mfalme akiwa safarini nje ya Italia. Hakuna jiwe la mji wetu lililokuwa nacho. Aliniambia mwenyewe, tukichagua dengu.

"Hapo watakwama. Itabidi waje."

Mfalme alipovuka bahari kuja pande zetu, barua yake ililetwa barazani. Apphia alinunua jibini, akafagia kizingiti, akaketi panapoonekana kutoka njiani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano, hakuja mtu. Siku ya sita tulisikia patasi ya mchonga mawe sokoni.

Nilimsindikiza. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi cheo cha mwisho: Anthypato, prokonsuli kwa Kigiriki. Hakikukosewa hata herufi.

"Mmekipata wapi?" alimuuliza Papylo, aliyekuwa akimsimamia mchongaji.

"Tulimtuma mtu mji wa jirani, wanacho kwenye jiwe lao. Lakini mama, ungesema tu. Kumbe hata wewe kuna kimoja usichokijua."

Apphia alijifuta vumbi la jiwe kidoleni.

"Ndiyo," alisema. "Hicho sikukijua."