Shangazi Damari na Salamu za Kulipia

"Shangazi, kwa nini usimwambie tu huyo mzee aache kusalimia?"

Nilimwuliza hivyo mwaka 1972, nikiwa darasa la tatu. Akanituma chumvi dukani, na chumvi ilikuwepo.

Shangazi Damari alikaa dirishani kwenye duka la vipuri vya plau la ushirika, hapa Mbeya. Vipuri vyenyewe vilikuwa ghalani Iringa, na daftari la ghala huko huko. Mkulima akitaka ulimi wa plau, shangazi anapeleka telegramu, na mtunza ghala, Mzee Saulo, anajibu. Posta walitoza kila neno. Sasa Mzee Saulo, Mhehe wa watu, hawezi kukujibu kabla hajakusalimia.

"KAMWENE BINTI YANGU HABARI ZA HUKO WATOTO HAWAJAMBO ILULA MVUA IMENYESHA NDIMI ZIPO NNE SALIMIA WATEJA WOTE."

Meneja akaja na bili. "Damari! Tunauza plau au tunauza salamu? Mwezi ujao isiposhuka nusu, dirisha nafunga."

Dirisha likifungwa, shangazi anarudi kuchuma pareto kwa mama mkwe, yule anayemsema hata namna anavyochuchumaa.

Na wateja hawakumsaidia. Mzee Bujiku, mfugaji wa Usangu, aliposomewa ile telegramu akavua kofia. "Kumbe na mimi kanisalimia! Mjibu sijambo. Ng'ombe nao wazima, ila yule wa madoa anakohoa."

"Mzee, kila neno linalipiwa."

"Haya, wa madoa mwache."

Kesho yake shangazi akampa kondakta wa basi la Iringa barua na daftari tupu. Alimwomba Mzee Saulo anakili orodha yote ya ghala, halafu telegramu iwe ya kilichoingia au kilichotoka tu. Wateja angewajibu mwenyewe kutoka kwenye nakala. Kuhusu salamu aliandika: "Mzee, karani wa posta anazisoma kwanza, zinanifikia zimepoa. Nitumie kwa barua kila Ijumaa, nizifungue mwenyewe."

Mzee akafurahi kupita kiasi. Ijumaa kondakta akaleta nakala ya daftari pamoja na kurasa kumi na moja za salamu, zimepangwa: Jumatatu asubuhi, Jumatatu jioni, Jumanne pole na kazi. Shangazi hakukubali nichungulie za Alhamisi siku ya Jumatano.

Telegramu zikawa "NDIMI MBILI ZIMETOKA". Basi. Mwisho wa mwezi meneja akasoma bili mara mbili, akaigeuza nyuma, akaondoka. Dirisha likabaki wazi.

Likizo hii, nikiwa kidato cha pili, nimemwuliza tena swali langu. Safari hii hakunituma chumvi.

"Nilijaribu, mwanangu. Nilikwenda posta, nikaandika kamwene, nikaandika shikamoo, nikaulizia mguu wake unaomsumbua, nikaomba radhi. Karani akahesabu maneno ishirini na tisa, na hapo kwenye 'acha' nilikuwa bado sijafika."