Klaudia na Wanywaji Waliohama

Miaka ile kijiji cha Kagoma kilipokuwa kikilima shamba la ujamaa kwa kengele, Klaudia, mjane wa Damian, alikuwa na adui mmoja tu, na alimtunza vizuri kuliko migomba yake. Adui mwenyewe alikuwa Kokubanza, jirani wa ng'ambo ya njia, muuza lubisi, pombe ya ndizi, kama yeye.

Zamani wanywaji wote walikuwa wa Klaudia. Damian ndiye aliyesimamia wanaume wakikanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa kukamulia, ndiye aliyepima mtama wa kuchachusha, na ndiye aliyeonja. Kwa Wahaya hilo halina mjadala: mwenye pombe hupiga funda la kwanza mbele ya mgeni, ndipo akabidhi kibuyu. Damian alipofariki, Klaudia aliapa mbele ya padri kwamba pombe haitagusa tena midomo yake. Kuiuza hakuapa. Akaendelea kupika kwa mazoea na kugawa vibuyu, mdomo kaufunga.

Wanywaji wakaanza kupungua, tena kwa adabu zote. Huyu ana mafua, yule ana msiba Bukoba mjini, mwingine kakatazwa na daktari. Jioni hiyohiyo vicheko vyao vikasikika kwa Kokubanza.

"Kaniroga," Klaudia alimwambia dada yake, Celina. "Kaanza na wateja, atamalizia na kibanja changu cha migomba."

"Umejiuliza kwa nini wanakwenda?"

"Nijiulize mimi? Nimemwibia nani?"

Nyani haoni kundule. Badala ya kujiuliza, Klaudia alikaa mlangoni akimvizia mwenzake, na chuki ikamnenepea moyoni. Alipokuwa akimenya ndizi aliona shingo ya Kokubanza. Hata kwenye rozari, akifika pale pa kusamehe, alipita mbio. Dawa ya moto ni moto, alijiambia, na moto wake aliupata kwenye amri ya kijiji: pombe isifunguliwe watu wakiwa shambani.

Siku moja adhuhuri alimwona Kokubanza akiwapa kibuyu wanaume waliokuwa wakimkanyagia ndizi. Kilikuwa kibuyu cha shukrani tu, kila mpikaji alikitoa. Klaudia alijifunga kanga akaenda moja kwa moja kwa Apolinary, balozi wa nyumba kumi. Balozi akaja na mgambo. Mitungi ya Kokubanza ikamwagwa uani mpaka nyuki wakajaa, na Kokubanza akapigwa marufuku kuuza. Klaudia alitazama yote kupitia ufa wa mlango. Alifurahi, tena alifurahi sana.

Jioni akafagia uwanja, akapanga viti, akaweka vibuyu vimejaa. Wanaume wakapita njiani, wakamsalimu vizuri, wakaenda zao kulala na kiu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Adui hayupo sokoni, na wateja nao hawapo!

Hasira zikampanda. Akamkamata mkono mzee Kagaruki, rafiki wa marehemu, akamkalisha kitini na kumpa kibuyu.

"Kunywa, Ta Kagaruki. Au na wewe una mafua?"

Mzee alikishika kibuyu, asikipeleke mdomoni.

"Onja kwanza, waitu," alimsihi kwa heshima.

"Nimeapa, unajua."

"Najua. Ndiyo maana tulinyamaza. Lakini Ma Klaudia, tangu Damian atutoke hujui unachotupa."

Klaudia alimpokonya kibuyu, na kwa hasira tu, bila kujali nadhiri, akapiga funda kubwa. Ilikuwa chungu, kali, yenye harufu ya mtama ulioungua. Akaitema. Akaonja mtungi wa pili, ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Aibu ilimshuka pale pale mbele ya mzee, na kwa mara ya kwanza alikosa mtu wa kumlaumu.

Hakungoja moyo upoe. Alivuka njia akamkuta Kokubanza akisugua mitungi mitupu.

"Ni mimi niliyekusemea kwa balozi."

"Najua."

"Pombe yangu imeharibika. Nilidhani wewe..."

"Hilo pia nalijua," Kokubanza alisema, akaendelea kusugua. "Wateja waliniambia tangu mwanzo. Ningeweza kuja kukwambia, Ma, tuko jirani. Lakini siku nilipofungua biashara ulisema kanisani, watu wote wakisikia, kwamba lubisi yangu ni ya kunyweshea nguruwe. Nikasema basi, mwache apike. Nikakaa hapa nikikutazama unavyopika, na nilifurahi."

Klaudia alijua kwamba kama yeye angekuwa Kokubanza, angefanya hivyohivyo, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.